Mtindo, Fasheni na Kisasa

Somo letu la juma hili lahusu maneno ambayo kila mtu huyasema na wachache huyapima, yaani maneno ya kumsifu mtu aliyevaa akapendeza, au kitu kinachokwenda na wakati. Ni maneno mepesi kinywani. Lakini mimi niliwahi kulitumia moja mahali pasipofaa, na yaliyotokea yaeleza somo hili kuliko kamusi. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu.

Hapo Malili, katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, palikuwa na arusi katika jamaa ninayoifahamu. Kwa kuwa nahesabiwa huko kuwa mtu wa kalamu, niliombwa kuiandika kadi ya mwaliko kwa Kiswahili. Nikaiandika vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Mwishoni nikaongeza mstari mmoja ambao bibi arusi na shoga zake waliupenda sana: “Wageni wote waombwa kuja na mavazi ya kisasa.”

Siku ikafika. Viti vitatu vya mbele, alivyowekewa nyanya yake bibi arusi na dada zake wawili, vikabaki vitupu. Ulipowadia wakati wa wazee kumfunika bibi arusi leso na kumpa maneno ya nyumbani, hapakuwa na wa kumfunika. Kijana mmoja akatumwa mbio kwa pikipiki. Alimkuta bibi kizee ameketi mlangoni, na ndani, juu ya kitanda, doti nzima ya leso mpya imekunjwa vizuri.

“Susu,” akamwambia, “watu wanakungoja.”

Bibi akajibu, “Mjukuu wangu, nilisomewa kadi. Yataka nguo za watu wa sasa. Mimi nina leso tu.”

Kijana alibembeleza, lakini alirudi peke yake. Bibi arusi alilia, wala machozi yale hayakuwa yale ya kawaida ya arusi. Nami niliyeandika mstari ule nilikuwa nimeketi hapo hapo, nakula wali.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Kisasa limeundwa kwa kiambishi ki- na neno sasa. Ki- hiyo ndiyo ile ionyeshayo namna au jinsi ya kufanya jambo: kitoto ni kwa namna ya mtoto, kifalme ni kwa namna ya mfalme, Kizungu ni kwa namna ya Wazungu, na kizamani ni kwa namna ya watu wa zamani. Kwa hiyo kisasa maana yake ni kwa namna ya wakati huu tulio nao. Katika matumizi neno hili hutaka kiunganishi -a mbele yake: nyumba ya kisasa, nguo za kisasa, kilimo cha kisasa, mtu wa kisasa. Laweza pia kusimama peke yake likieleza kitendo, mathalan, “Amejenga kisasa.”

Tukilipima kwa mizani ya sarufi tu, neno hili halimfukuzi mtu yeyote. Bibi kizee anayeamka leo, akachota maji leo, akafunga leso yake leo, ni mtu wa sasa sawasawa na mjukuu wake. Lakini maneno hayaishi katika sarufi peke yake. Kila neno la sifa lina kinyume chake kilichojificha nyuma ya mlango, na msikilizaji husikia yote mawili kwa pamoja. Ukisema kisasa, kizamani kimekwisha kutajwa. Ukimwambia mtu aje kisasa, umemwambia pia kwamba namna aliyoizoea haifai, hata kama hukukusudia.

Na pale Malili neno hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 za Ranchi ya Malili ili ujengwe mji wa teknolojia wa Konza, na mwezi Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi wake. Tangu hapo watu waliokuwa wakichunga ng’ombe katika mbuga ile wamelisikia neno kisasa mara nyingi kuliko mvua: barabara ya kisasa, majengo ya kisasa, mji wa kisasa. Si ajabu kwamba bibi kizee alilielewa kuwa ni ua lenye lango, na kwamba yeye yuko upande wa nje. Aliisoma kadi yangu kwa usahihi kuliko mimi niliyeiandika.

Kuna neno jingine lililo jirani na hili, nalo ni ushamba. Asili yake ni shamba, na mshamba alikuwa mtu aishiye mashamba, tofauti na mtu wa mji. Hapakuwa na aibu ndani yake. Baadaye watu wa miji walilifanya tusi, wakamwita mshamba kila asiyejua mambo ya mjini, hata akiwa amezaliwa mjini. Hali kadhalika kupitwa na wakati. Kusema koti limepitwa na wakati si vibaya. Kusema hivyo juu ya mtu aliye hai ni ukali usio na haja, maana wakati haujampita, ungali naye.

Sasa tuje kwenye fasheni. Hili ni neno la Kiingereza lililokwisha kupewa uraia wa Kiswahili. Wengine huliandika fesheni, nalo halibadiliki katika wingi: fasheni hii, fasheni hizi. Ili kuijua fasheni, sikiliza vitendo vinavyofuatana nayo. Watu husema fasheni imeingia, fasheni imetoka, fasheni imepita. Ni mgeni, hufika, hukaribishwa, huondoka. Hakuna asemaye mtindo umeondoka kwa namna hiyo hiyo.

Ajabu ya fasheni ni kwamba yaweza kuondoka mahali pamoja ikafika pengine kama mpya. Mwenye kutaka kuliona jambo hili na asimame sokoni siku mchuuzi anapofungua nguo za mitumba. Mtumba ni robota, furushi kubwa lililofungwa. Ndiyo sababu nguo kuukuu zitokazo ng’ambo zikaitwa kwa jina la furushi lao. Zamani watu waliziita kafa Ulaya, wakidhani mwenyewe lazima amekufa ndipo nguo nzima namna ile ikatupwa. Basi suruali iliyomchosha kijana wa London au Hamburg hufika Gikomba, Nairobi, ikapanda basi hadi sokoni kwetu, na siku hiyo hiyo ikawa fasheni. Wachuuzi huzitenga zilizo bora kabisa na kuziita kamera, na wanunuzi hodari hufika alfajiri kuziwahi. Aliyeitupa aliona imetoka. Aliyeinunua aona imeingia. Wote wawili wasema kweli.

Mtindo ni neno la namna nyingine. Lipo katika ngeli ya mtindo huu, mitindo hii, na maana yake ni jinsi au utaratibu unaomtambulisha mtu au kitu. Twasema mtindo wa kushona, mtindo wa nywele, mtindo wa kuandika, mtindo wa maisha. Waandishi wa vitabu husifiwa kwa mtindo wao, wala hawasifiwi kwa fasheni yao. Na mwanafunzi anayeandika kwa kuiga maneno yaliyo mdomoni mwa watu mwaka huu ana fasheni, lakini bado hajapata mtindo.

Mfano mzuri nimeuona kwa wapiga muziki wa Tanzania. Bendi zao za dansi zilikuwa na desturi ya kuuita mchezo wao kwa jina maalumu, na jina hilo likaitwa mtindo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijulikana kwa mtindo wa Sikinde. Bendi ya NUTA, iliyoanza mwaka 1964, ilishika mtindo wa Msondo. NUTA ikaja kubadili jina ikawa Juwata, kisha ikawa OTTU. Wanamuziki wakatoka na wengine wakaingia. Lakini Msondo ukabaki, hata mwisho bendi yenyewe ikachukua jina la mtindo wake, ikaitwa Msondo Ngoma. Nguo za wapigaji zilibadilika mara nyingi katika miaka hiyo, suruali zikapanuka na kubana tena. Ile ndiyo fasheni. Kilichowafanya watu walitambue gitaa lao kutoka nje ya ukumbi, kabla hawajalipa kiingilio, ndicho mtindo.

Tena mambo haya mawili yaweza kukaa ndani ya kitu kimoja, nayo leso ya bibi kizee yatuonyesha vizuri. Leso, ambayo Watanzania na wengi wa pwani huiita kanga, ilianza katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Jina leso latokana na Kireno, ambapo ni kitambaa cha mkononi. Wanawake walikuwa wakinunua vitambaa hivyo na kuviunga pamoja vipate kuwa nguo moja. Mjini Mombasa, nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo alama yake ni “Mali ya Abdulla”, ilianza mwaka 1887. Hata leo leso ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa mbili mbili, ndiyo doti. Huo ni mtindo, nao umedumu zaidi ya miaka mia. Lakini maua yake, rangi zake na majina yake hubadilika kila mara, na wanawake huulizana dukani, “Jina gani limetoka?” Hiyo ni fasheni. Basi bibi kizee aliyekuwa na doti mpya kitandani alikuwa na leso yenye jina la juzi juzi, na pengine katika arusi nzima hapakuwa na nguo iliyokuwa mpya kuliko ile. Aliyesema “nina leso tu” alikuwa na fasheni na mtindo kwa pamoja, na kadi yangu ikamnyang’anya vyote viwili.

Mfano wa pili watoka Ukambani penyewe, nao ni kiondo, ambacho Wakamba hukiita kyondo. Mama wa Kikamba husokota uzi wa katani juu ya paja, akausuka hata ukawa mfuko wa kubebea nafaka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilitiwa mikanda ya ngozi, kikapelekwa Ulaya na Marekani, na mabibi wa huko wakakivaa begani kama kitu kipya kabisa. Miaka ikapita, wakageukia mikoba mingine. Kwao kiondo kilikuwa fasheni. Yule mama aliyekisuka hakujua kimeingia lini wala kimetoka lini, isipokuwa kwa bei. Yeye aliendelea kukitia kunde na mbaazi. Kwake ni mtindo. Mwezi Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, baadhi ya watu wa mjini wakavikumbuka viondo tena, wakasema vimekuwa vya kisasa. Mtu aweza kucheka, lakini hawakukosea.

Yako maneno mengine ya kusifia mavazi, nayo twaweza kuyapita kwa haraka. Nadhifu ni safi na iliyotengenezwa vizuri. Haihusu upya wala ukuukuu, na shati lenye kiraka laweza kuwa nadhifu. Mtanashati ni mtu apendaye usafi na kuvaa vizuri, na wingi wake ni watanashati. Asili yake ni Kiarabu. Mlimbwende ni mpenda kujipamba, na zamani neno hili lilikuwa na mwiba kidogo, kana kwamba mtu huyo hana kazi ila kujitazama kiooni. Lakini magazeti ya Tanzania yamelitumia sana kwa mashindano ya warembo, yakayaita mashindano ya ulimbwende, na mwiba ukang’oka. Siku hizi mtu hupewa taji kwa kile alichokuwa akisemwa. Kujikwatua ni kujipamba hata ukang’aa, kama sufuria iliyosuguliwa. Vijana wa Nairobi nao wanayo luku, neno walilolifinyanga kutoka Kiingereza, na hupiga luku wakienda matembezini. Nawatahadharisha wasilisafirishe hadi Dar es Salaam bila maelezo, maana kule luku ni umeme wa kulipia kabla, na mtu akiambiwa luku yake imekwisha hukimbilia kununua nyingine.

Nimeliacha maridadi makusudi, kwa sababu lataka maneno zaidi. Maridadi ni lenye kupendeza kwa mapambo au kwa utengenezaji. Halibadiliki kwa ngeli wala kwa wingi: mtu maridadi, watu maridadi, nyumba maridadi, maua maridadi. Nimesikia wengine wakisema “watu wamaridadi”, nalo ni kosa. Lakini lipo jambo lisilo kosa ambalo watu huonewa kwalo. Kikamba hakina sauti ya r. Jina la Malili lenyewe ni shahidi. Mkamba akisema malidadi, wenzake wa mjini hucheka na kumsahihisha. Wacheke taratibu, maana kamusi za Kiswahili zinalo umbo la malidadi pamoja na umaridadi wao, na Waswahili wenyewe wamelitumia tangu zamani. Mara hii ulimi wa Ukambani na ulimi wa pwani umekutana njiani.

Uzuri wa maridadi ni kwamba halina saa ndani yake. Fasheni na kisasa huuliza, “Tangu lini?” Maridadi huuliza tu, “Yapendeza?” Ndiyo maana laweza kutumika kwa kijana aliyevaa suti iliyobana na kwa babu aliyevaa koti la mwaka 1963, mradi koti limepigwa pasi. Pia twasema nguo imemkaa mtu, yaani imelingana na mwili wake na umri wake na heshima yake. Nguo ya fasheni yaweza kukosa kumkaa aliyeivaa, na wengi tumewaona.

Kabla sijarudi kwenye arusi, msomaji na ajipime kwa sentensi tatu. Ya kwanza: “Fundi, nishonee koti kwa fasheni ile ile ya marehemu babu.” Hapa pafaa mtindo, kwa kuwa mteja ataka namna iliyodumu, wala si iliyoingia jana, na fundi akilifuata neno fasheni aweza kumshonea kitu ambacho babu angekikimbia. Ya pili: “Mwalimu wetu ni kisasa.” Pana upungufu wa kiunganishi, tuseme ni wa kisasa. Ya tatu: “Viatu hivi vilikuwa mtindo mwaka jana, sasa vimetoka.” Sentensi hii husikika sana, na sitamwadhibu mwanafunzi kwa ajili yake, maana mtindo siku hizi umebebeshwa kazi ya fasheni pia, na wabunifu wa mavazi huitwa wanamitindo. Lakini mwenye kutaka usahihi na aandike fasheni, ili mtindo ubaki na kazi yake.

Basi mwaka uliofuata mdogo wake yule bibi arusi akaposwa, na jamaa ile, kwa ukarimu wao, wakaniomba tena niandike kadi. Safari hii nilikaa na mstari ule wa mwisho siku mbili. Nilifikiri kuandika mavazi maridadi, nikaona yafaa, lakini nikaogopa kwamba aliye maskini angejiuliza kama lake ni maridadi ya kutosha. Nilifikiri kuandika mavazi ya heshima, nikaona kwamba neno hilo siku hizi hutumiwa na wakali kuwapimia wasichana urefu wa sketi. Mwisho nikakumbuka usemi ambao kila nyumba inao. Nguo alizo nazo mtu ni za namna mbili: za kushindia, ambazo hufanyia kazi na kushinda nazo nyumbani, na za kutokea, ambazo huziweka sandukuni kwa siku ya kuonana na watu. Tajiri anazo za kutokea, na maskini anazo. Hata kama ni moja, anaijua ni ipi.

Nikaandika: “Wageni wote waombwa kuvaa nguo zao za kutokea.”

Kijana yule yule akampelekea Susu kadi na kumsomea polepole hadi mwisho. Bibi kizee akamwambia arudie mstari ule. Akaurudia. Kisha bibi akainuka, akaingia ndani, akafungua sanduku.